Mama alijibu ‘hapana’ mara tisa, usiku akaomba achuliwe bega

Na Mwandishi Wetu

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimerudi nyumbani likizo, mama aliponisimulia habari ya watu waliofika kazini kwao na kishikwambi.

Mama alikuwa fundi cherehani katika karakana ya kushona sare. Alilipwa kwa idadi ya nguo, si kwa saa. Siku hiyo walifika vijana wawili wakajitambulisha kuwa wanafanya utafiti wa afya za wafanyakazi. Walipita meza hadi meza. Kijana anasoma swali, mfanyakazi anajibu, kijana anabonyeza.

Katika miezi 12 iliyopita umewahi kupata maumivu ya shingo? Hapana. Mabega? Hapana. Viwiko? Hapana. Waliulizia sehemu tisa za mwili, na mama akajibu hapana mara tisa. Muda wote huo msimamizi wa kazi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake.

Usiku ule ule, baada ya chakula, mama alikaa kwenye mkeka akanipa kichupa cha dawa ya kuchua. Bega la kulia lilikuwa haliinuki hata kwa kuanika nguo kwenye kamba. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia wale vijana.

“Mwanangu, niseme naumwa, kesho niambiwe nikapumzike moja kwa moja? Ada yako atalipa nani?”

Sikuwa na jibu. Miaka miwili baadaye aliacha kazi mwenyewe, kwa sababu vidole vilikuwa havishiki mkasi tena. Hakuna karatasi wala kompyuta yoyote inayosema kazi ile ilimuumiza. Kama majibu yake bado yamehifadhiwa mahali, yanasema hana tatizo lolote.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu madodoso ya aina ile sasa yamekuwa mengi. Muuguzi anatumiwa kiungo kwenye WhatsApp. Mwalimu anaombwa ajaze kwa dakika tano. Mfanyakazi wa kiwandani anapewa kishikwambi wakati wa mapumziko. Wengi hujaza haraka haraka ili yaishe, au hujibu kama mama alivyojibu. Makala haya yanaeleza maswali hayo yanatafuta nini, majibu yanakwenda wapi, na kwa nini “hapana” ya uongo ina gharama.

Maumivu yasiyoonekana kwenye picha

Wataalamu huyaita matatizo ya misuli, mifupa na viungo. Sisi tunayaita mgongo, kiuno, bega, goti, ganzi ya vidole.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao bilioni 1.71 duniani wanaishi na matatizo ya aina hii. Maumivu ya mgongo wa chini peke yake yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020, na WHO inakadiria idadi hiyo itafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Ndiyo sababu kubwa kuliko zote duniani ya watu kuishi na ulemavu.

Ugumu ni kwamba maumivu mengi ya namna hii hayaonekani. WHO inaeleza kuwa takribani asilimia 90 ya maumivu ya mgongo wa chini hayana ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kutajwa kuwa chanzo. Unaweza kupiga picha ya eksirei, daktari akaangalia, asione kitu, na wewe bado unaumwa.

Malaria ina kipimo, na presha ina mashine. Maumivu ya bega la fundi cherehani yana kipimo kimoja tu cha kuanzia: kumuuliza mwenye bega. Kwa hiyo katika fani inayoitwa ergonomia, yaani elimu ya kuifanya kazi imfae mwili wa binadamu badala ya kuulazimisha mwili uifuate kazi, dodoso ndicho kifaa cha kwanza.

Swali lenye umri wa miaka 300

Daktari wa kwanza kulifanya jambo hili kuwa somo alikuwa Mwitaliano, Bernardino Ramazzini. Mwaka 1700 alichapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwataka madaktari wenzake, pamoja na maswali yao ya kawaida kwa mgonjwa, waongeze moja: unafanya kazi gani?

Ramazzini aliwaandika hata makarani waliokuwa wakinakili maandishi kutwa nzima. Alisema wanaumizwa na mambo matatu: kukaa muda mrefu, kurudia mwendo ule ule wa mkono, na akili kutopumzika. Ukiwaangalia leo wafanyakazi wa ofisini wanaochapa kwenye kompyuta toka asubuhi, utaona sababu ni zile zile.

Tatizo lililobaki lilikuwa kila mtafiti kuuliza kwa namna yake. Mmoja anauliza “unaumwa mgongo?”, mwingine “umewahi kuumwa mgongo maishani?” Majibu hayawezi kulinganishwa.

Mwaka 1987, mtafiti Ilkka Kuorinka na wenzake kutoka nchi za Nordiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya, walichapisha katika jarida la Applied Ergonomics dodoso moja la pamoja. Linajulikana kama Dodoso la Nordiki, na hadi leo ni miongoni mwa yanayotumika zaidi duniani katika tafiti za maumivu ya kazini.

Dodoso hilo lina mchoro wa mwili wa binadamu uliogawanywa sehemu tisa: shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono pamoja na viganja, mgongo wa juu, mgongo wa chini, nyonga na mapaja, magoti, na mwisho vifundo vya miguu pamoja na nyayo.

Kwa kila sehemu kuna maswali matatu mepesi. Je, katika miezi 12 iliyopita umepata maumivu au usumbufu hapa? Je, tatizo hilo limewahi kukuzuia kufanya shughuli zako za kawaida, za kazini au za nyumbani? Je, umelipata katika siku saba zilizopita?

Hayo ndiyo maswali aliyoulizwa mama.

Waandishi wa dodoso hilo walitoa tahadhari ambazo watu huzisahau. Kwanza, halikutungwa kutambua ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Pili, binadamu hukumbuka zaidi maumivu makali na ya karibuni kuliko madogo ya zamani. Tatu, mazingira ambamo mtu anajazia dodoso yanaweza kubadilisha majibu yake.

Tahadhari hiyo ya tatu iliandikwa mwaka 1987. Msimamizi aliyesimama nyuma ya mama hakuijua, na wale vijana hawakuizingatia.

Kutoka karatasi hadi simu

Watanzania wengi tulilizoea dodoso la kidijitali katika Sensa ya mwaka 2022. Karani alifika mlangoni na kishikwambi, si rundo la karatasi. Tafiti za afya kazini zimefuata njia hiyo hiyo.

Programu zinazotumika sana ni za bure. Mojawapo, ODK, ilianzishwa mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ili simu ya kawaida ya Android iweze kufanya kazi ya fomu ya karatasi. Nyingine maarufu ni KoboToolbox. Zote mbili hufanya kazi hata pasipo mtandao. Majibu hukaa ndani ya simu mpaka mtandao upatikane, kisha hutumwa.

Simu inaongeza nini ambacho karatasi haina?

Kwanza ni kuruka maswali yasiyokuhusu. Ukisema goti haliumi, simu haikuulizi tena kuhusu goti. Kwenye karatasi, watu huchoka katikati wakaacha kurasa nzima wazi.

Pili ni mchoro. Badala ya kusoma neno “nyonga”, unagusa mahali panapouma kwenye picha ya mwili, na sehemu hiyo inabadilika rangi. Kwa mtu asiyesoma vizuri, huu ni msaada mkubwa.

Tatu ni sauti. Programu inaweza kusoma swali kupitia spika za masikioni, nawe ukajibu kwa kubonyeza bila mtu wa pembeni kujua umeulizwa nini wala umejibu nini. Mbinu hii imetumika kwa miaka mingi katika tafiti za Virusi vya Ukimwi, ambako watu huona haya kujibu mbele ya mwenzao.

Nne ni muda. Nani anakumbuka vizuri alivyoumwa miezi 11 iliyopita? Kwa simu hakuna haja ya kusubiri mwaka. Nchini Denmark na Sweden, watafiti wa maumivu ya mgongo wametumia ujumbe mfupi kila wiki wenye swali fupi: wiki hii umeumwa mgongo siku ngapi? Mtu anajibu kwa tarakimu, kuanzia 0 hadi 7. Kwa njia hiyo wanaona maumivu yanavyopanda na kushuka, jambo ambalo swali la mara moja kwa mwaka haliwezi kulionyesha.

Lipo pia dodoso la Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ambalo huuliza kuhusu wiki moja tu ya kazi: umesikia maumivu mara ngapi, yalikuwa makali kiasi gani, na yalikuzuia kazi kwa kiasi gani. Hili nalo hujazwa kwa urahisi kwenye simu.

Tano ni kasi. Zamani fomu 300 za karatasi zilihitaji mtu wa kuziingiza kwenye kompyuta moja moja, na kila tarakimu ilikuwa nafasi ya kukosea. Sasa mtafiti anaweza kuona jioni ile ile kwamba wafanyakazi wengi wa sehemu fulani wamegusa bega la kulia.

‘Mkono’ unaanzia wapi?

Kuna jambo ambalo watafiti wanaotumia dodoso la kigeni hukutana nalo mara tu wanapolileta kwetu, nalo ni lugha.

Kwa Kiingereza, mkono una majina mawili: sehemu ya juu hadi kwenye kifundo, na sehemu ya kiganja na vidole. Kwa Kiswahili, mtu akisema “mkono unaniuma” anaweza kumaanisha mahali popote kuanzia begani hadi kwenye kucha. Mguu ni vivyo hivyo, kuanzia pajani hadi kwenye kidole gumba.

Mgongo nao una mambo yake. Mwingine akiumwa mgongo wa chini atasema “kiuno”. Mwingine atasema “mgongo” akimaanisha nyuma yote. Na “kiuno” chenyewe kwa mwingine ni nyonga. Ukiuliza kwa maneno tu, fundi wa Tandika na mkulima wa Njombe wanaweza kutoa jibu moja wakiwa na maumivu mawili tofauti.

Na neno “kuumwa” lenyewe? Ukimuuliza mama wa Kiswahili kama anaumwa, atafikiria homa, kulala kitandani, kupelekwa hospitali. Mgongo unaokaza kila asubuhi hauiti kuumwa. Atakwambia, “Siumwi, ni uchovu tu.” Lakini uchovu huo unaorudi kila siku mahali pale pale ndio hasa dodoso linaoutafuta.

Kwa hiyo dodoso zuri la Kiswahili haliishii kwenye “maumivu”. Linataja pia kukaza, ganzi, kuwaka moto, kuchoka kwa sehemu moja, na kukosa nguvu ya kushika. Watafiti makini humpa mtu mwingine tafsiri hiyo airudishe katika lugha ya kwanza bila kuona nakala ya awali, kisha wanalinganisha. Halafu wanalijaribu kwa watu wachache wa kazi ile ile kabla ya kulipeleka kwa wote. Mchoro wa mwili hubaki kuwa mwamuzi, maana kidole kikigusa picha hakuna ubishi wa maneno.

Nani anaona majibu yako?

Hili ndilo swali lililomfunga mama mdomo, na ni swali la haki.

Anayekualika kwenye utafiti halali wa afya lazima kwanza akueleze ni utafiti gani, unafanywa na nani, majibu yatatumikaje, na kwamba una hiari ya kukataa au kujitoa katikati bila kuadhibiwa. Kisha ndipo akuombe ridhaa. Utafiti wa afya nchini unatakiwa uwe na kibali cha maadili, ama kutoka kamati ya chuo husika au ngazi ya taifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Una haki ya kuulizia kibali hicho.

Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Chini ya sheria hiyo, taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa ziada. Bega lako linaloumwa ni taarifa nyeti. Halipaswi kutajwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisini.

Kabla ya kujaza dodoso la kazini, angalia au uliza mambo haya:

Je, linataka jina langu au namba yangu ya ajira? Kama linataka, kwa nini? Tafiti nyingi hutumia namba ya siri badala ya jina.

Je, mwajiri ataona jibu la mtu mmoja mmoja, au atapewa muhtasari wa kundi? Muhtasari ndio unaotakiwa. Lakini kama idara yenu ina watu watatu tu, hata muhtasari unaweza kumtambulisha mtu. Mtafiti mzuri huliona hilo na kuunganisha idara ndogo.

Je, ninajaza kwa simu yangu, mahali pangu, au mbele ya bosi? Kama msimamizi yupo, omba asogee au omba ujaze baadaye. Anayefanya utafiti ndiye anayepaswa kumwondoa, lakini kama hakumwondoa, kuomba si utovu wa adabu.

Kwa waajiri wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo: ukisimama pale, unavuna majibu mazuri ya uongo. Utaambiwa wafanyakazi wako wazima, kisha mwezi unaofuata watatu wataomba ruhusa ya kwenda hospitali na wawili hawatarudi.

Wanaokosekana kwenye hesabu

Hata dodoso likiwa zuri, kuna watu haliwafikii.

Wa kwanza ni walioacha kazi kwa sababu ya maumivu. Dodoso likifika kiwandani leo linawakuta waliobaki, ambao mara nyingi ndio wenye miili iliyohimili. Wanaotafiti afya kazini wanaujua mtego huu vizuri: wafanyakazi huonekana wazima kuliko hali halisi kwa sababu wagonjwa wameshaondoka. Kama wale vijana wangerudi miaka mitatu baadaye, wasingemkuta mama. Kwenye kiti chake wangemkuta binti wa miaka 22 asiyeumwa popote.

Wa pili ni wasio na simu janja, au wanaotumia simu moja na mume, mke au mtoto. Kiungo cha WhatsApp hakimfikii mbeba mizigo wa sokoni mwenye simu ya tochi. Utafiti unaotegemea viungo peke yake huishia kuwahesabu watu wa maofisini. Ndiyo maana mtafiti makini hutumia njia zote mbili: kiungo kwa wenye simu, na mhoji mwenye kishikwambi kwa wasio nazo.

Wa tatu ni waliojiajiri: mama lishe anayeinama kwenye jiko, dereva wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki kutwa, fundi ujenzi, mkulima wa jembe la mkono. Hawana idara ya utumishi ya kuwatumia dodoso, na maumivu yao ni makubwa vilevile.

Kwa nini ujibu ukweli, basi?

Kwa sababu maumivu ya mtu mmoja huonekana kama udhaifu wake, lakini maumivu ya watu thelathini mahali pale pale huonyesha kasoro ya kazi.

Tuseme mafundi wengi wa mstari mmoja wamegusa bega la kulia, na wa mstari wa pili hawakugusa. Mtaalamu atakwenda kuangalia tofauti iko wapi. Huenda meza za mstari wa kwanza ziko juu, mtu anashona akiwa ameinua bega. Dawa yake ni seremala kupunguza miguu ya meza, au kupandisha viti, na si kumfukuza mtu. Huenda tatizo ni kushona kola peke yake kutwa, na dawa ni kupokezana kazi.

Hata uzito wa mizigo uliingia kwenye miongozo ya kimataifa kwa njia hii ya kujali mwili wa mbebaji. Mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza kuwa mahali ambako mwanamume mtu mzima anaruhusiwa kubeba kwa mikono mzigo unaozidi kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza. Sasa fikiria lumbesa la viazi sokoni, na kijana anayeliinamia alipokee mgongoni kutoka kwenye lori. Kenya imeshaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi katika kanuni za mwaka 2019.

Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wasimamizi wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa fidia kwa mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako.

Lakini sheria zote hizo zinahitaji kumbukumbu. Mtu aliyejibu hapana miaka yote, kisha siku moja akadai mkono umeharibiwa na kazi, ana safari ndefu ya kuthibitisha.

Anzia nyumbani

Huhitaji kusubiri watafiti. Maswali yale matatu unaweza kujiuliza mwenyewe kila Jumapili jioni, ukaandika kwenye simu yako, sehemu ya kuandika kumbukumbu.

Andika tarehe. Andika sehemu inayouma kati ya zile tisa, na upande, kulia au kushoto. Andika siku ngapi ndani ya wiki. Andika ukali wake kuanzia 0 hadi 10. Andika kama ilikuzuia kufanya jambo fulani: kumbeba mtoto, kuchota maji, kupiga deki, kulala upande mmoja. Mwisho andika kazi uliyokuwa unafanya ilipoanza kuuma.

Baada ya wiki nne utakuwa na kitu cha kumwonyesha daktari. Badala ya “daktari, mwili wote unauma”, utamwambia “bega la kulia, siku tano kwa wiki, linazidi Ijumaa, linapungua nikipumzika siku mbili.” Daktari anayepata maelezo hayo anajua pa kuanzia, na huenda akajua pia kuwa tatizo liko kazini.

Kumbuka lakini kwamba orodha hii, kama lile dodoso lenyewe, haitoi jina la ugonjwa. Na kuna dalili zisizongoja wiki nne. Nenda hospitali mara moja ukipata maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi sehemu za siri, au mguu kukosa nguvu. Nenda pia kama maumivu yamekuja baada ya kuanguka au ajali, au yanakuja na homa, au unakonda bila sababu.

Kisha kuna mtu mmoja wa kumuuliza ambaye wengi tunamsahau: dada wa kazi. Anafua kwa mkono, anabeba ndoo, anambeba mtoto wako mgongoni huku anapika. Kwake, wewe ndiye mwajiri. Ukimuuliza ukiwa umesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, atakujibu “niko sawa dada.” Ni jibu la mama yangu lile lile, na sababu ni ile ile.

Keti naye. Mwambie kabla ya kuuliza kwamba jibu lake halitamwondoa kazini. Mwonyeshe mchoro wa mwili aguse mwenyewe. Akigusa kiuno, kaangalie beseni la kufulia liko wapi. Likiwa chini sakafuni, liweke juu ya kigoda au meza imara. Ndoo ya lita 20 igawanywe mara mbili. Hayo nayo ni ergonomia, na hayakugharimu kitu.

Wiki iliyopita nilimpa mama simu yangu yenye mchoro ule wa sehemu tisa. Nikatoka nje, nikamwachia. Niliporudi alikuwa amegusa shingo, bega la kulia, vifundo vyote viwili vya mikono na mgongo wa chini. Akaniuliza kama wale watu watakuja tena kazini kwao, maana kuna shoga yake bado anashona pale.

Nilimwambia sijui. Ila nilimtumia shoga yake huyo mchoro kwenye simu, na mama akarekodi sauti fupi ya kumweleza: “Wakija, omba ujaze peke yako. Na useme kweli.”